Maswali ya Mafundi: Usiitoe Gesi Kabla Hujaisoma

Barua nyingi mwezi huu zinahusu kifaa kimoja: rilei ya Buchholz, lile kopo la chuma lenye vidirisha vya kioo lililokaa kwenye bomba kati ya tangi kuu la transfoma na tangi dogo la juu, yaani konsaveta. Mjerumani Max Buchholz aliibuni mwaka 1921, na mpaka leo bado inatumika sana. Ndani yake mna boya la juu linaloshuka gesi ikijikusanya (alamu), boya la chini linaloshuka mafuta yakipotea (tripu, yaani kuizima transfoma), na kibamba kinachosukumwa mafuta yakikimbia kwa kasi kuelekea konsaveta (tripu pia). Tumezijibu barua kwa mpangilio wetu, si kwa zilivyofika.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni opereta wa zamu kwenye kituo cha kupoza umeme cha kV 132/33. Saa nane usiku ilipiga alamu ya Buchholz kwenye transfoma ya MVA 45, lakini haikutripu. Mzigo ulikuwa MW 28. Nilipaswa kuzima papo hapo, au kuwasubiri wahandisi asubuhi?
*Opereta, Morogoro*

Marahaba. Asubuhi ni mbali mno, lakini pia usikimbilie breka katika dakika ya kwanza. Dakika tano za mwanzo ni za kalamu. Andika saa kamili, mzigo, joto la mafuta na la koili, kiwango cha mafuta kwenye geji ya konsaveta, tepu iliyokuwapo (hatua ya koili inayorekebisha volti), pampu na feni zipi zilikuwa zinazunguka, na kama kuna laini ya kV 33 iliyokuwa na hitilafu muda huo. Piga picha taa zote za paneli kabla hujagusa kitufe cha kuzifuta. Mara ngapi tumekuta daftari limeandikwa "alamu imekuja, ime-risetiwa" na hakuna kingine! Halafu weka tepu chenja kwenye mkono, isije ikabadilisha tepu yenyewe wakati huo.

Baada ya hapo nenda ukasome kidirisha, ukiwa chini, kwa tochi kali na darubini ikiwezekana. Kioo kina mistari ya sentimita za ujazo. Alamu nyingi hupiga gesi ikifika kati ya sentimita za ujazo 200 na 300, kutegemea ukubwa wa rilei. Andika ulichosoma, kisha rudia kila baada ya dakika 15. Kiasi peke yake hakikuambii mengi. Kasi ya kuongezeka ndiyo inayokuambia kama kuna kitu kinapikwa ndani. Asipande mtu ngazi ya transfoma iliyo hai: juu pale uko jirani na bushingi (vihami vinavyopitisha umeme hadi ndani ya tangi) za kV 132, na kama hitilafu ipo, mlipuko hautakupa taarifa.

Uamuzi wetu ni huu. Kama transfoma haijafunguliwa wala mafuta yake hayajaguswa wiki za karibuni, ichukulie kuwa ni mbovu mpaka maabara iseme vinginevyo. Wasiliana na kituo cha udhibiti wa gridi, hamishia mzigo kwenye transfoma ya pili (MW 28 ni mzigo ambao mwenzake wa MVA 45 anaubeba bila shida kama hana mzigo mkubwa wake), kisha fungua breka ya kV 33, halafu ya kV 132. Kama hakuna transfoma ya pili, mzigo upunguzwe kwa mpango, kisha izimwe usiku huohuo.

Wengi hudhani kupunguza mzigo kunatosha. Kunasaidia pale tu joto linapotokana na mkondo, kwa mfano kiungio kilicholegea. Hitilafu ya kwenye kiini cha chuma, au cheche ndogo ndogo ndani ya karatasi, hutegemea volti. Mzigo uwe MW 28 au sifuri, yenyewe inaendelea.

Kuna hali zisizohitaji simu ya kuomba ruhusa: alamu ya pili kabla ya kwanza kuelezeka, mlio wa kuchemka au kupasuka ndani ya tangi, joto kupanda bila sababu, au vali ya kupunguza presha kutoa mafuta. Hapo zima kwanza, ueleze baadaye.

Wakuu, transfoma yetu ya MVA 15, kV 33/11, ilipiga alamu, tukaizima na kuchukua gesi baada ya saa tatu. Maabara imeleta majibu. Gesi ya kwenye rilei: hidrojeni asilimia 42, methani 9, ethilini 8, asetilini 8, ethani 1, kaboni monoksidi 7, iliyobaki naitrojeni. Mafuta ya tangi kuu, kwa ppm (sehemu kwa milioni): hidrojeni 180, methani 60, ethilini 70, asetilini 63, ethani 12. Bosi anasema namba za mafuta ni ndogo, tuwashe. Yuko sahihi?
*Fundi mkuu, Nakuru*

Hapana, na sababu iko kwenye karatasi hiyohiyo mliyotutumia.

Kila gesi ina kiwango chake cha kuyeyuka kwenye mafuta. Kwenye joto la nyuzi 20, hidrojeni ni 0.05, kaboni monoksidi 0.12, methani 0.43, asetilini 1.2, ethilini 1.7, ethani 2.4. Ukizidisha kiasi kilichomo kwenye gesi kwa namba hiyo, unapata kiasi ambacho mafuta yangekuwa nacho kama gesi na mafuta vingekaa pamoja muda mrefu vikazoeana. Hidrojeni yenu ya asilimia 42 ni ppm 420,000. Zidisha kwa 0.05: mafuta yalipaswa kuwa na ppm 21,000. Yana 180. Asetilini ya asilimia 8 ni ppm 80,000, ukizidisha kwa 1.2 ni 96,000. Yana 63. Maana yake gesi ilizaliwa kwa kishindo na kupanda haraka kama mapovu, mafuta hayakupata muda wa kuimeza. Namba ndogo za mafuta ambazo bosi anazifurahia ndizo zinazoonyesha ghafla ya tukio. Kama gesi ingekuwa imetoka polepole kwa miezi, namba hizo mbili zingekaribiana.

Sasa aina ya hitilafu. Kwa uwiano wa IEC 60599, mwongozo wa kimataifa wa kusoma gesi hizi, kwenye mafuta yenu: asetilini kwa ethilini ni 0.9, methani kwa hidrojeni 0.33, ethilini kwa ethani 5.8. Zote tatu zinaangukia kwenye kundi la D2, cheche nzito zenye nishati kubwa. Kaboni monoksidi ya asilimia 7 kwenye gesi inaongeza kuwa karatasi nayo imeungua, si mafuta peke yake. Transfoma hiyo ifunguliwe. Anzeni na yanayofikika kwenye mashimo ya ukaguzi: ncha za chini za bushingi, waya za kwenda kwenye tepu chenja, viungio vya kiteuzi cha tepu. Msipoona kitu hapo, koili zinatoka nje.

Mlifanya vema kuchukua gesi mapema. Ikikaa kwenye rilei, asetilini na ethilini huanza kurudi kwenye mafuta na hidrojeni hubaki, hivyo ukichukua kesho yake unapima kitu kingine. Kwa wasomaji wengine, utaratibu wa kuchukua ni huu: transfoma imezimwa, imetengwa na kutiwa ethi pande zote, pemiti (kibali cha kazi) ipo mkononi. Tumia bomba la sindano la kioo la mililita 100 lenye koki ya njia tatu, na mpira mfupi unaovumilia mafuta. Fungua koki ya juu ya rilei kidogo, toa hewa iliyomo ndani ya mpira kwa gesi kidogo, kisha vuta taratibu. Chukua mabomba mawili, funga, andika kiasi kilichokuwamo, saa ya alamu na saa ya kuchukua. Yakae gizani, na yafike maabara haraka kwa sababu hidrojeni hupenya kila penye mwanya. Mafuta nayo yachukuliwe sehemu mbili: koki ya chini ya tangi kuu na ile ya juu.

Rilei zenye kibomba kinachoshuka hadi kwenye kikusanya gesi cha usawa wa kifua ni rahisi zaidi. Fungua koki ya rilei, mwaga mafuta kwa koki ya chini ya kikusanyaji, nayo gesi itafuata.

Mwenzako wa Dodoma ametuuliza kama bado inafaa kuwasha kiberiti kwenye koki kuona kama gesi inawaka. Tafadhali tusifanye hivyo. Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, asetilini huanzia 2.5 hivi, na wewe uko juu ya mafuta tani kadhaa. Ukilazimika kujua palepale, beba gesi kwenye bomba la sindano hadi mbali na transfoma na uipime huko. Rangi nayo hutoa dokezo: isiyo na rangi wala harufu huenda ni hewa, nyeupe ni ya karatasi, ya njano ni ya mbao, ya kijivu au nyeusi ni ya mafuta yaliyoungua. Ni dokezo tu. Hidrojeni haina rangi pia.

Transfoma ya kV 132/33 imetripu kwa Buchholz. Rilei ya difarensho, ile inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, haikufanya kazi. Tumepima mega (ukinzani wa insulesheni), iko vizuri, na kwenye kioo hakuna gesi. Mji uko gizani na simu hazikatiki. Tujaribu kuwasha mara moja tu?
*Mhandisi wa matengenezo, Tanga*

Hiyo "mara moja tu" imegeuza matengenezo ya wiki mbili kuwa ununuzi wa transfoma mpya. Hitilafu iliyokuwa mzunguko mmoja wa koili ukiipa tena kV 132 inakuwa koili nzima, na tangi likipasuka kuna moto.

Difarensho kunyamaza hakumaanishi usalama. Mizunguko miwili ya koili ikigusana, mkondo ndani ya mzunguko huo ni mkubwa mno, lakini kinachoonekana kwenye CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) za nje huweza kuwa chini ya kiwango cha difarensho. Buchholz iliwekwa hasa kwa ajili ya hitilafu za namna hiyo. Mega nayo hupima kati ya koili na koili, na kati ya koili na ethi. Mizunguko iliyogusana ndani ya koili moja haiioni kabisa. Kwa hiyo mega nzuri peke yake si kibali cha kuwasha.

Kabla ya kupima chochote soma ushahidi. Rilei ya kufungia breka, namba 86, ilidondoka kwa ishara ipi? Kwenye rilei nyingi kibamba hurudi mahali pake mkondo wa mafuta ukiisha, kwa hiyo usikikute kimekaa ukadhani hakikusogea. Toa rekodi ya kinasa matukio na uangalie mikondo ya fezi zote sekunde ile. Hapo hutokea moja kati ya haya matatu. Ukiona mkondo mkubwa ulioingia ndani ya transfoma bila kutoka upande wa kV 33, hitilafu ni ya ndani. Ukiona mkondo mkubwa uliopita na kutoka, kulikuwa na shoti kwenye laini ya karibu. Koili zilitikisika na kusukuma mafuta. Hiyo si nafuu: mtikisiko huo huweza kukunja koili. Na ukiona mikondo ya kawaida kabisa, elekeza macho kwenye waya na mafuta. Je, pampu zote zilianza pamoja? Kuna mtu alifungua vali ghafla? Kipumulio cha silika jeli kimeziba? Kipumulio kilichoziba hufanya presha ndani ya konsaveta ishuke mafuta yanapopoa, kisha kikifunguka ghafla mafuta hukimbia na kukisukuma kibamba. Tumeshaona vipumulio vipya vikifungwa bila kutolewa kizibo cha safari.

Gesi kukosekana kwenye kioo dakika kumi baada ya tripu hakutoshi. Mapovu hunasa chini ya kifuniko na kupanda baadaye. Angalieni tena baada ya saa moja na saa kadhaa.

Kisha vipimo, vyote, si vile vinavyopatikana haraka:

Gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta, ikilinganishwa na sampuli ya mwisho kabla ya tripu. Uwiano wa mizunguko kwenye kila tepu, usitofautiane na ule wa bamba la mtengenezaji kwa zaidi ya nusu asilimia. Mkondo wa usumaku kwa volti 230 au 400, fezi kwa fezi: kwenye kiini cha nguzo tatu, fezi mbili za pembeni hulingana zenyewe, nayo ya kati huwa chini; fezi moja ikiruka mara kadhaa, mmeipata mizunguko iliyogusana. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya bei kubwa na bado ndicho kinachorukwa zaidi. Ukinzani wa koili: tofauti ya zaidi ya asilimia 2 kati ya fezi ipatiwe maelezo, mkikumbuka kusahihisha joto. Impidansi ya shoti: ikitofautiana na bamba kwa zaidi ya asilimia 3, koili zimehama. Mega kwa volti 5,000, usomaji wa dakika 1 na wa dakika 10, mkilinganisha na ile ya siku transfoma ilipowashwa mara ya kwanza na si na namba ya kitabuni. Ukinzani huo wa insulesheni hushuka takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka.

Vyote vikiwa safi, na chanzo cha nje kimeonekana kwa jina, washeni upande wa kV 132 bila mzigo, watu wote wakiwa mbali na uwanja, Buchholz ikiwa kwenye tripu. Sampuli ya mafuta irudiwe baada ya saa 24. Chanzo kisipoonekana, tungeiacha imezimwa, simu zilie.

Tulichuja mafuta ya transfoma wiki mbili zilizopita. Tangu hapo alamu ya Buchholz hupiga kila baada ya siku mbili tatu. Mafundi wanasema ni hewa, wanaitoa na kuendelea. Ni kawaida?
*Msimamizi wa kituo, Lubumbashi*

Huenda ni hewa, lakini mafundi hawajui mpaka waipime. Weka daftari la vipindi. Hewa iliyonaswa baada ya kuchuja hupungua: alamu ya kwanza baada ya siku moja, ya pili baada ya tatu, ya tatu baada ya wiki, kisha basi. Vipindi vikibaki vilevile au vikifupika, hiyo si hewa ya kunaswa.

Kwanza peleka gesi maabara. Ikiwa ni naitrojeni na oksijeni tu, tazama uwiano. Oksijeni kwa naitrojeni ikikaribia 0.27, ni hewa mbichi ya nje inayoingia sasa. Iliyokuwa imeyeyuka kwenye mafuta huwa karibu na 0.5, kwa sababu oksijeni huyeyuka zaidi. Hewa mbichi inayojirudia huonyesha mwanya upande wa kuvuta wa pampu, ambako presha hushuka chini ya ile ya nje, hivyo hewa inaingia bila tone la mafuta kutoka. Zima pampu moja moja kwa siku kadhaa na uangalie alamu inafuata ipi. Gasketi za hapo, shimo la shafti, na koki ndogo za kutolea hewa ndizo za kwanza kushukiwa.

Kama ni hewa ya kunaswa, kuna sehemu haikutolewa. Tureti za bushingi (shingo za tangi zinazobeba bushingi), vichwa vya radieta vyote, nyumba za pampu, kisha rilei yenyewe mwisho: kila koki hadi mafuta yatoke bila povu, transfoma ikiwa imezimwa. Kwa transfoma ya kV 132 mafuta yakae saa 24 baada ya kujazwa, kisha rudia kutoa hewa kabla ya kuwasha.

Ukifungua koki ya rilei na badala ya gesi kutoka, hewa inavutwa ndani, acha mara moja. Hapo boya limeshuka kwa sababu mafuta yamepungua, si kwa gesi. Tafuta uvujaji.

Alamu ya tepu chenja yetu haipo kabisa, rilei yake ina tripu tu. Tumeibiwa na mkandarasi?
*Fundi, Mwanza*

Hamjaibiwa. Tepu chenja ya mafuta hutoa gesi kila inapobadilisha tepu, kwa kuwa hukata mkondo ndani ya mafuta. Alamu ya gesi ingelia kila siku. Ndiyo maana rilei yake ina kibamba cha kasi ya mafuta pekee. Ikitripu, msiwashe kabla ya kuinua swichi ya ndani na kuikagua: koili za chemchemi, vishikio, vikinzani vilivyokatika. Kwa sababu hiyohiyo, asetilini ikionekana kwenye tangi kuu peke yake bila dalili nyingine, ulizeni kwanza kama mafuta ya tepu chenja yanavujia huko.

Masika yakianza tu, Buchholz inatripu bila gesi, bila mkondo. Tumebadilisha rilei mbili.
*Fundi wa ulinzi, Pemba*

Rilei ya tatu iacheni dukani. Fungueni kisanduku cha waya juu ya rilei siku ya mvua, transfoma ikiwa imezimwa: mtakuta maji, au chumvi ya bahari iliyokauka na kutengeneza njia ya umeme kati ya tamino (ncha za kuunganishia waya) za tripu. Glandi, kile kikaza waya kwenye tundu la kisanduku, iwe imeingia kwa chini, waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia, gasketi mpya, na tamino za betri chanya na za tripu zisikae jirani. Acheni moja tupu katikati. Tenganisheni waya pande zote mbili na mpime kwa mega ya volti 500: chini ya megaomu 1, badilisheni waya wote.

Kama waya ni mzima, angalieni hitilafu ya ethi kwenye betri ya volti 110. Waya mrefu wa kutoka uwanjani hubeba chaji, na ethi ikigusa mahali pabaya, chaji hiyo hupita kwenye rilei ndogo nyepesi ya tripu na kuiamsha kwa milisekunde chache. Wekeni rilei ya kupokea inayohitaji nguvu kubwa zaidi kuamka. Wakati wa kazi yoyote hii hamisheni Buchholz kutoka tripu kwenda alamu, hakikisheni difarensho iko hai, na baada ya kazi, transfoma ikiwa imezimwa, bonyezeni kijiti cha majaribio: kwenye rilei nyingi, nusu ni alamu, mpaka mwisho ni tripu. Kisha rudisheni Buchholz kwenye tripu na mthibitishe kwa macho kwamba vali mbili za pande zote za rilei ziko wazi.